Upana wa Kichwa cha Mjomba

Desemba iliyopita nilirudi Tabora na binti yangu, tukafikia Cheyo, kwenye nyumba ya marehemu bibi yangu. Binti alikuwa na maswali ya hisabati ya likizo. Akaniuliza kwa nini ukilizunguka duara unapata upana wake mara tatu na kidogo. Mimi, mwenye shahada mbili, nikamjibu, "Ndivyo ilivyo, andika." Kisha nikaona haya, maana jibu hilo niliwahi kulishika kwa vidole, kwenye sakafu ile ile.

Shuleni nilikuwa mbumbumbu wa maumbo. Bikari moja tuligombania darasa zima, na duara langu lilitoka kama yai la kanga. Bibi hakusoma shule. Alishona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vinavyodariziwa kwa mkono, kazi ambayo, kwa maneno yake, babu yake alikuja nayo na misafara kutoka pwani, akachoka miguu, akabaki. Alasiri, tukitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa kwa karanga, alinipa kijiti, uzi na kipande cha mkaa. Shika hapa, zungusha pale. "Duara lisilo na kitovu ni chapati ya mvivu," alisema. Kitambaa cha duara nikikunja mara mbili, kitovu kinajitokeza. Nikikunja tena, najua maua yakae wapi. Uzi uliozunguka kichwa tuliulaza juu ya duara: ukalivuka mara tatu, ukabaki kidogo. Sikujua kwamba yale ni masomo. Nilidhani ni kazi za nyumbani kama kuchota maji, ila hizi za kukaa.

Mwaka ule mjomba, kitinda mimba wa Bibi, akapata mchumba. Bibi akaamua kumshonea kofia ya nikaha, na kazi ya kupima kichwa akanikabidhi mimi. Nikapima kwa makini ya karani, nikafunga fundo kwenye uzi. Bibi akashona miezi minne.

Ijumaa ya nikaha, asubuhi, mjomba akarudi kutoka kwa kinyozi, kipara kinang'aa. Akavaa kofia. Ikashuka hadi kwenye nyusi.

"Mama," akasema kutoka humo ndani, "mnaniozesha au mnanificha?"

Bibi akanigeukia. "Mke mwenza," ndivyo alivyonitania, kama bibi wengi wa kwetu, "ulipima kichwa au ulipima nywele?"

Nilikuwa nimepima afro.

Mjomba akasema ataazima kofia kwa jirani. Hapo uso wa Bibi ukabadilika. "Mwanangu haoi kwa kofia ya watu." Nikaanza kulia.

"Machozi hayapunguzi kofia," Bibi akasema. "Lete uzi."

Tukakipima kile kipara. Kofia ilizidi vidole vitatu. Bibi akafumua mshono, akatenga mkanda wa pembeni na duara la juu. "Mkanda tunaupunguza vidole vitatu. Na duara, upana wake tupunguze vingapi?"

Mjomba akatazama saa. Huko stesheni treni ikapiga honi, ndefu, kama inayongoja jibu na yenyewe.

"Kimoja," nikasema. "Nusu huku, nusu kule."

"Una hakika?"

"Ni mara tatu, Bibi."

Akachukua mkasi, akakata. Hakupima tena. Mpaka leo sijawahi kuaminiwa hivyo, na nimewahi kukaa mbele ya majopo ya maprofesa.

Mjomba alikwenda kuoa na kofia iliyomkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Ule ukingo uliokatwa, pete nyembamba ya kitambaa yenye safu moja ya maua, Bibi akanivika. Ikavuka masikio, ikatua shingoni. "Haya, vaa kosa lako." Nikaenda nalo harusini, na akina mama wawili wakaniuliza mtindo ule umetoka wapi.

Siku hizi kofia nyingi zinashonwa kwa mashine, namba ya kichwa imeandikwa ndani, wala mtoto hana sababu ya kugusa kichwa cha mjomba wake. Vyeti vyangu vyote ninavyo, vimefunikwa nailoni. Ile pete niliipoteza katika kuhamahama, na kinachoniuma zaidi ni kwamba sikumbuki ilipotea nikihama kutoka wapi kwenda wapi.