Nyongeza ya Maziwa

Yule mtoto hakulia hata siku moja. Kwa miezi saba mama yake alimleta mlangoni pangu kule Mukurweini, amembeba mgongoni kwa leso ya buluu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umefunika kahawa yote bondeni, na sikuwahi kusikia sauti yake. Niliona macho tu. Yalichungulia juu ya bega la mama yake, makubwa, makavu, yakifuata kila kitu kilichosogea.

Nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ya serikali. Uhuru ulikuwa na miaka kama kumi hivi, na sisi wanawake wenye mshahara tulikuwa wachache, tena tulijiona. Mume wangu alifundisha Doldol na kuja mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, kazi ya kuanza saa mbili kamili, na mdomo. Mdomo hasa. Katika mkutano wa akina mama kanisani nilisimama nikasema ni aibu kununua maziwa ya pakiti dukani, yaliyopelekwa mjini kwa lori na kurudishwa, wakati jirani yako ana ng'ombe. Nunua kwa mama mwenzako, nikasema, umjue na yeye akujue. Nilipigiwa makofi. Sikusema kwamba duka lilikuwa mbali na kwamba mama wa yule mtoto aliniletea maziwa hadi mlangoni.

Watoto wetu walizaliwa wiki moja. Wangu alinenepa hadi mikono ikaota mikunjo. Wake alitosha kwenye leso ile ile, fundo pale pale, mwezi baada ya mwezi. Niliona, siwezi kusema sikuona. Siku moja nilimwambia, "Huyu wako ana adabu sana, wangu ni kelele tu." Akajibu, "Huyu amezoea, mama." Nikacheka, nikafunga mlango, nikatafuta viatu.

Halafu kukaanza jambo lililonitia baridi. Mwanangu alipojifunza kutambaa, kila asubuhi aliacha alichokuwa akichezea, akaenda mlangoni, akaweka kiganja kwenye ubao na kutulia. Nje kimya, hata nyayo hazisikiki. Baada ya muda ndipo hodi ilipopigwa. Nikifungua, wale watoto wawili walitazamana, wangu chini sakafuni na wake juu mgongoni, bila kucheka wala kupepesa macho. Nilijiambia ni watoto. Lakini nilianza kuwahi kumnyanyua wangu kabla sijafungua.

Asubuhi moja nilikuwa nimechelewa, na nikichelewa huwa sifai. Niliinua chupa aliyoniletea yule mama, nikaona imepungua vidole vitatu chini ya shingo. Nikamfokea. "Mama, chupa haijajaa. Na nyongeza yangu iko wapi?" Kwetu huko hakuna anayenunua bila nyongeza. Auzaye maharagwe akishajaza mkebe lazima atupie konzi juu yake, la sivyo utamsema soko zima. Nilidai haki yangu.

Yule mama alishusha kikapu chake cha kiondo. "Pole, mama. Ngoja." Akaingiza mkono ndani ya kiondo, akatoa chupa ndogo ya soda iliyozibwa kwa gunzi, akamimina kwenye ile kubwa hadi ikafika shingoni na kupita. Macho ya mtoto yalitoka kwenye ile chupa ndogo yakaja kwenye ile kubwa. Mdomo wake ukafunguka. Nikasema leo atalia. Akaufunga tena.

Tangu siku hiyo ile chupa ya soda ilitolewa kila asubuhi bila mimi kudai, na nikaona nimeshinda.

Ndipo mama mkwe wangu alipokuja kutoka Kutus kunisaidia kulea mtoto. Asubuhi yake ya kwanza alisimama nyuma yangu akitazama maziwa yakimiminwa, hadi yule mama alipopotea kwenye ukungu na chombo chake.

"Umemrudishia chupa na nini ndani?" akaniuliza.

"Tupu. Mimi nanunua, cucu, siletewi zawadi." Nilimwita cucu, bibi, kama ambavyo mwanangu angemwita.

"Chombo kilicholeta chakula kwako kinarudi tupu? Miezi saba?" Akaketi. "Na hiyo ndogo ni ya nani?"

"Ni ya nyongeza."

"Ziwa la yule mama limekauka, hata kipofu anaona. Ng'ombe wake ni mmoja. Anakuuzia wewe apate unga. Sasa niambie, mtu gani anaziba nyongeza kwa gunzi, kama chuchu ya chupa ya mtoto?"

Nilimkasirikia yeye kwanza, kwa sababu alikuwa karibu. Nikasema kama yule mama alikuwa na shida mbona hakusema, ana mdomo. Mama mkwe akasema, "Angekwambia wewe? Mteja wake wa kila siku, na ulivyo mkali?" Nilikwenda kazini nikapiga barua moja mara nne, nikikosea pale pale.

Jioni niliweka unga kwenye mfuko, na sukari, na nikayapanga maneno ya kusema. Kesho yake mwanangu hakwenda mlangoni. Alikaa katikati ya chumba akichezea kijiko. Yule mama hakuja. Hakuja siku ya pili wala ya tatu. Mama mkwe akasema, "Nenda ukamwone, ni mteremko tu." Lakini mkubwa kutoka mkoani alikuwa anakuja na ripoti zilikuwa hazijaisha. Nikasema kesho. Nilisema kesho mara mbili, na nilinunua pakiti dukani, ambako hakukuwa mbali hivyo.

Siku ya nne hodi ilipigwa. Mwanangu hakuinua hata kichwa.

Yule mama alikuwa amesimama pale pale pa kila siku. Leso ya buluu alikuwa ameifunga kiunoni. Bega lake lilikuwa tupu, na bado nililitazama nikisubiri macho yachungulie. Alinipa chupa kubwa, imejaa. Kisha akanipa ile ndogo, nayo imejaa hadi kwenye gunzi.

"Chukua hii pia, mama. Siku hizi inabaki."

Nilichukua. Nilirudi jikoni, nikamimina maziwa yote kwenye sufuria, nikaosha zile chupa mbili. Kubwa nikaijaza unga. Ndogo mdomo wake ni mwembamba, nikaanza kuitia sukari kwa kijiko, na nyingi ilimwagika mezani. Mama mkwe hakunisaidia. Yule mama alisubiri kwa upole, kama kawaida yake, na nilipomletea aliipokea ile kubwa, akashukuru, akaitia kiondoni.

Ile ndogo aliirudisha mkononi mwangu.

"Hiyo kaa nayo tu, mama," akasema. "Hakuna mtu wa kupelekea."