Masaa Matatu ya Mzee Khaemba

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Ilikuwa Jumatano asubuhi, nimesimama katika ofisi ya meneja wa kiwanda cha sabuni huko Industrial Area, Nairobi, mkononi nina karatasi iliyochapwa na kompyuta kwa amri nilizoziandika mimi mwenyewe. Kando yangu amesimama Mzee Khaemba. Meneja alisoma mstari mmoja wa karatasi ile, akaniuliza swali moja, nami nikajibu. Jibu langu lilikuwa fupi, na lilimmaliza mtu.

Nitakueleza polepole. Jambo lenyewe nililificha muda mrefu, na la kufichwa muda mrefu halitoki kwa mkupuo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikaa na shangazi yangu Makongeni, na kila asubuhi nilivuka reli kwa miguu kwenda kazini. Kazi ile nilitafutiwa na Mzee Khaemba. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu wa Bungoma kama sisi, aliyewahi kuwa karani wa reli kabla ya kuja kiwandani kuandika majina ya wafanyakazi kwenye kompyuta. Aliishi Buruburu na mkewe na mabinti watatu. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuingia kwenye mashine, jinsi ya kufungua faili na kulifunga. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu. Baada ya miezi michache nilijiona nimempita mwalimu wangu. Ujana, mwanangu, ni moshi. Ukikuingia machoni huoni hata aliyekuwashia moto.

Kompyuta za wakati ule hazikuwa na picha za kubonyeza. Ulizungumza nazo kwa kuandika amri, mstari baada ya mstari. Kiwanda kilikuwa na mbili: ya zamani chini ghalani, na mpya juu, katika ofisi ya wafanyakazi. Zote mbili zilielewa lugha moja, lakini zilitengenezwa na watu tofauti, na kila moja ilikuwa na tabia zake. Amri iliyofanya kazi chini ilikataa juu.

Basi meneja akataka kila jioni apate karatasi inayoonyesha kila faili lilibadilishwa siku gani na saa ngapi, kwa mashine zote mbili. Kazi hiyo nikapewa mimi. Nilihangaika nayo wiki mbili. Kulikuwa na amri moja tu iliyopatikana kote kote, ile ya kuorodhesha mafaili, tuliyoiita ls, nayo ilikuwa na vituko vyake: faili la karibuni inakuonyesha siku na saa, lakini faili likishapita miezi sita inaficha saa na kukuonyesha mwaka. Nikapanga amri zangu katika faili moja, tuliloliita skripti, nikazikata na kuziunga hadi zikakubali chini na juu bila kubadilisha hata herufi. Kisha nikaiambia kila mashine iwe inaiendesha yenyewe saa kumi na moja jioni, mtu awepo asiwepo. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Mzee Khaemba alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Saa hizi zinazotoka hapa, umezilinganisha na saa ya ukutani?"

"Kule chini nimelinganisha wiki nzima, Mzee."

"Na huku juu?"

"Ni ile ile, Mzee. Sijabadilisha kitu."

Alinitazama kidogo. "Binti yangu, ugali ni ule ule, lakini ukihamia jiko la mwenzako unaungua." Akarudi kwenye meza yake. Mimi nikacheka kimoyomoyo. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi tende langu ningelijua baadaye.

Karatasi zikawa zinatoka kila jioni. Mistari imenyooka, inapendeza. Nilizipanga kwenye faili la kadibodi na hakuna aliyezisoma, hata mimi.

Sasa, kiwandani kulikuwa na vibarua wengi, na wengi wao walikuja kwa miguu kutoka mabanda ya Mathare kabla jua halijachomoza. Mwaka ule ilitangazwa kwamba baadhi yao wataandikwa kazi ya kudumu. Orodha ilibandikwa getini Jumatatu. Vibarua tisa waliokwisha kuambiwa na msimamizi wao kwamba wamo, hawakuona majina yao. Mahali pao palikuwa na majina ya watu tisa wasiojulikana na yeyote. Wale tisa walikaa getini Jumatatu yote na Jumanne yote, hawapigi kelele, wamekaa tu. Meneja akasema, orodha imebadilishwa ndani ya kompyuta, tuletee karatasi.

Nikaileta ile ya Ijumaa, ya mashine ya juu ilimowekwa orodha. Faili la orodha lilikuwa limebadilishwa siku hiyo, 11:20, yaani saa tano na dakika ishirini asubuhi. Asubuhi mashine ya juu ilikuwa ya mtu mmoja tu. Mzee Khaemba aliingia saa mbili, akatoka saa saba, halafu zamu ya mchana ikaanza.

"Nilikuwa hapo, sikatai," alisema Mzee. "Lakini orodha hiyo sikuigusa."

"Karatasi inasema iliguswa," meneja akamjibu. Kisha akanigeukia. "Nafula, karatasi hii inaweza kukosea?"

Nilijua kwamba pale juu sikuwahi kuilinganisha na saa yoyote. Nilijua, mwanangu. Lakini kusema hivyo ilikuwa kusema kwamba kazi yangu nzuri nimeifanya nusu. Nikasema, "Hapana, bwana. Mashine haina sababu ya kudanganya."

Mzee Khaemba hakunitazama. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Askari alimsindikiza hadi getini, na wale tisa walikuwa pale pale. Walikuwa wamekwisha kuambiwa ni nani. Mmoja wao alisimama akamwambia, bila kupandisha sauti, "Kumbe ni wewe, buda, ulituuza." Niliyaona hayo kutoka dirishani.

Wiki tatu baadaye nilifanya kazi zamu ya mchana kwenye mashine ya juu. Nililifunga faili langu saa nane na dakika tano; nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kunywa chai. Jioni nikaitazama karatasi kwa bahati, ikaniambia nimelifunga saa tano na dakika tano asubuhi. Saa tano asubuhi nilikuwa sijafika kazini. Nikaiendesha skripti kwa mkono wangu, ikasema saa nane. Nikakaa chini kutafuta sababu.

Ilikuwa hivi. Mashine zile huweka saa moja tu ndani yake, saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa masaa matatu. Ili ikuonyeshe saa ya Nairobi, lazima iwe imeambiwa iko wapi. Mtu akiingia kwa jina lake, inaambiwa. Lakini mashine ya juu ilipoiendesha skripti yangu yenyewe, hakuna aliyekuwa ameiambia. Kwa hiyo ilionyesha saa ya Greenwich. Ile ya chini iliambiwa daima, ndiyo maana sikugundua. Karatasi zote za juu zilikuwa na masaa matatu pungufu tangu siku ya kwanza.

Nikaichukua ile ya Ijumaa, nikaongeza masaa matatu. Saa nane na dakika ishirini mchana. Mzee Khaemba alikuwa ameondoka zaidi ya saa nzima, na kitabu cha geti kilisema hivyo. Aliyekuwa kwenye mashine saa nane alikuwa afisa wa wafanyakazi, shemeji yake meneja.

Nilimpelekea meneja karatasi mbili na kitabu cha geti. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana, bwana."

"Basi kesi ile ilifungwa. Aliyesema karatasi haikosei ni wewe, na karatasi ni yako. Tukiifungua, wa kwanza kutoka ni wewe. Rekebisha mashine, uendelee na kazi."

Nikarekebisha. Ulikuwa mstari mmoja tu wa kuiambia mashine iko wapi. Ulinichukua dakika mbili. Tangu siku hiyo karatasi zikawa za kweli, na zaidi ya meneja na mimi hakuna aliyejua kwamba hazikuwa za kweli awali. Nyumbani shangazi alikuwa mgonjwa na wadogo zangu walinitegemea. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nilijifariji pia kwa methali, kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Jihadhari, mwanangu, na methali unayoitafuta ukiwa tayari umeshaamua. Waliotuachia maneno haya hawakuyatunga yawe maficho ya waoga.

Nikanyamaza mwaka mzima. Nilisikia kanisani kwamba Mzee ameondoka Buruburu, halafu kwamba mkewe amerudi Bungoma na wasichana, halafu kwamba yeye amepanga chumba Mathare. Kila habari niliisikia nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo, na niliendelea kuimba.

Shangazi alipofariki, sikuwa tena na sababu ya kujificha nyuma yake. Jumamosi moja nikaenda Mathare. Nilimkuta ameketi mlangoni akiuza makaa kwa mikebe. Amekonda, anakohoa. Jirani zake wawili walikuwa miongoni mwa wale tisa, na walikwenda kununua makaa mbali, ng'ambo ya mto, wasinunue kwake.

Nilimweleza yote nikiwa nimechuchumaa mbele yake. Aliuweka chini mkebe wa makaa.

"Saa nane?"

"Saa nane na dakika ishirini, Mzee."

"Saa nane nilikuwa sokoni Gikomba, namtafutia mtoto viatu vya shule." Alifikiri kidogo. "Hakuna aliyeniuliza kuhusu saa nane."

Kisha akaniambia jambo ambalo sijawahi kulitua. Akasema, "Binti yangu, mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini. Nilijiambia, karatasi imesema, na Nafula ni msomi. Labda nilibonyeza kitu bila kujua. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, ni wewe? Nikamjibu, sijui. Nilimjibu sijui. Akaanza kupanga nguo."

Nililia. Yeye hakulia. Akaniuliza, "Ulijua lini?"

"Wiki tatu baada yako."

"Kosa la mashine ningekusamehe siku hiyo hiyo. Lakini huu mwaka, binti yangu, huu mwaka sijui niuweke wapi."

Aliniomba kitu kimoja, niende naye kwa wale tisa niwaambie. Tuliwapata wanne, wengine walikuwa wamehama. Nikaeleza, nikarudia, nikawaonyesha karatasi. Mmoja akasema, "Sasa madam, hiyo itatusaidia nini? Kazi walishachukua wengine." Mwingine akasema, "Huyu si atakuwa msichana wa kwao. Amekuja kumtetea." Wakaingia ndani. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na mimi nilikuja na kijiko.

Jumatatu niliandika barua kwa wenye kiwanda, nikataja majina na saa. Nilifukuzwa Ijumaa. Afisa yule alibaki. Mzee Khaemba alifariki kabla ya mvua za masika, kifua kilimshinda, akazikwa kwao. Nilisafiri kwenda matanga nikamweleza mkewe kila kitu nyuma ya jikoni. Alisikiliza akikoroga uji wa wageni. "Asante kwa kuniambia," alisema. "Sasa nitaishi nalo." Sikuwahi kurudi kule.

Usiningojee nikwambie kwamba mwishowe haki ilitendeka. Haikutendeka. Nimezeeka hapa Tassia, nina watoto na wajukuu, na bado iko orodha ya watu ambao siwezi kuwafikia. Majuto ni mjukuu kweli, ila wangu alizaliwa mkubwa.

Nasaha yangu ni hii. Kazi yako isiyopimwa mahali inapofanyia kazi, usiiapie. Kwamba ilikubali kwingine si ushahidi wa hapa. Tarehe ikitoka kwenye mashine, uliza imetoka kwa saa ya wapi, hasa kama kuna mtu atakayehukumiwa kwayo. Ukiulizwa mbele ya wakubwa kama unaweza kukosea, sema ndiyo. Sema sijui. Aibu yake ni ya asubuhi moja. Na kosa likikudhihirikia, usilirekebishe kimyakimya kana kwamba mashine ndiyo iliyoumia. Mtafute aliyeumia, umwambie siku hiyo hiyo, hata kama utapoteza ulicho nacho. Mimi nilikipoteza vilevile, lakini nilikuwa nimechelewa mwaka.

Mungu akupe jicho la kuitilia shaka kazi ya mikono yako, na sauti isiyokauka siku ya kusema. Akujalie wazee watakaokuuliza maswali, na masikio ya kuwasikia wangali hai. Nenda salama, mwanangu, na jina lako litajwe vizuri mahali ambapo hupo.