Siku Nyani Alipoingia kwa Menyu ya Dada Yangu

Wachezaji ishirini wa ligi kuu waliweka uma chini kwa wakati mmoja, na wote wakaniangalia mimi.

Hakuna aliyekuwa ameonja kitu. Walikuwa wamesoma menyu tu.

Meneja wao akaishika ile menyu kwa vidole viwili, akaniuliza kwa sauti ya chini, vile mtu huongea na mgonjwa, kama huyo nyani tulimkamata wenyewe ama tuliletewa.

Wacha nianzie mwanzo, kwa sababu hii aibu niliipanda mwenyewe, nikaipalilia, ikazaa.

Naitwa Mutwiri. Kwetu ni Meru, lakini nimeishi Nairobi miaka kumi na moja. Mchana nauza bima. Jioni nina ukurasa wangu mtandaoni, na pale natoa maoni kuhusu vitu viwili tu: mpira wa kulipwa na hoteli za mabwenyenye.

Sina cheti cha chochote kati ya hivyo viwili. Nina bando na mdomo.

Maoni yangu kuhusu hizo hoteli ni kwamba ni wizi uliofunikwa kitambaa cheupe. Unaletewa sahani pana kama ungo, katikati kuna kipande cha samaki saizi ya kidole gumba, na kando wamekuchorea mchuzi kama mtoto wa nasari. Ukitoka hapo unapitia kwa mama wa chapo ndio usizimie njiani.

Mpira wa kulipwa nao ni hivyo hivyo. Mtu analipwa kukimbia, na anatembea. Analipwa kufunga mabao, na anafunga kamba za viatu.

Watu walipenda. Wakanifuata maelfu.

Lakini kilichonipatia jina kabisa ni Toni Radi.

Toni Radi ni mshambuliaji. Sote tulimjua kama mtu wa Mombasa, kwa sababu huko ndiko alikoanzia mpira, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mtangazaji. Mechi ya mwisho ya msimu uliopita alipewa penalti dakika ya tisini. Akaupiga mpira ukaenda kutafuta ukoo wake huko nyuma ya uwanja.

Mimi nikaandika sentensi moja: "Hata nyani angefunga hiyo penalti."

Manze, ilisambaa. Ikachapishwa kwa fulana. Mashabiki wakawa wanamwimbia uwanjani. Mimi nikaona nimefika.

Sasa tumlete dada yangu mkubwa, Kajuju.

Kajuju alipika miaka sita kwa hoteli kubwa Nairobi. Siku moja akakunja aproni yake, akarudi Meru, akakodisha nyumba moja juu kidogo ya Majengo, mtaa wa vibanda vya chakula, na kufungua hoteli yake mwenyewe. Si kibanda. Ile ya kukunja kitambaa mapajani. Lakini chakula ni cha kwetu: mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda, maharagwe meusi ya njahi, mbuzi wa kutoka kwa wachinjaji wa Majengo, mboga za shambani kwa mama.

Nilimwambia wazi kwamba hakuna Mmeru atalipia mukimo ulioviringwa kama mpira wa tenisi.

Akaniambia, "Wewe ongea tu. Siku moja utakula hayo maneno, na nitakuwekea kachumbari kando."

Kwa miezi minane ilionekana ni mimi niko sawa. Wateja walikuja, wakapiga picha, wakashuka Majengo kula. Kajuju alikonda. Akamwambia mama kwamba mwezi huo ukiisha bila mabadiliko, anafunga na kurudi kupikia watu wengine.

Halafu bahati ikamkumbuka. Timu moja ya ligi kuu ilikuwa inakuja Meru kupiga kambi wiki mbili, na meneja wao alikuwa anatafuta mahali pa wachezaji kula. Jamaa anaitwa Hezekiah, mtu wa Ishiara kule Mbeere, mpole lakini hapendi mchezo. Akasema wangekuja Jumamosi kwa chakula cha mchana cha kujaribu. Wakipenda, wiki mbili nzima ni zao na Kajuju.

Timu yenyewe ni ya Toni Radi.

Kajuju hakuwa na habari ya mambo yangu na Toni, yeye hafuati mpira. Alichotaka kwangu ni kitu kimoja. Menyu za wengine zote ni za Kizungu, yeye akataka ya kwake iwe ya Kiswahili, na akajua ndugu yake wa Nairobi huringa sana na Kiswahili. Akanitumia kwa simu nisahihishe.

Nilikuwa naangalia mechi. Jicho moja kwa mpira, jicho lingine kwa menyu.

Chakula chake kikuu alikuwa amekiandika hivi: "Nyani changa ya kienyeji, imetoka shambani asubuhi hii, imechemshwa polepole na maziwa, imewekwa juu ya mukimo."

Nikacheka kwa dharau. Dada yangu na ngeli, walahi. Mwalimu wetu wa darasa la sita angelia. Nikamrekebishia haraka haraka, nikamrudishia kabla ya kona kupigwa.

"Nyani mchanga wa kienyeji, ametoka shambani asubuhi hii, amechemshwa polepole na maziwa, amewekwa juu ya mukimo."

Kama wewe si Mmeru, sikiza. Kwa Kimeru, nyani ni mboga za majani. Terere, managu, kunde, zote ni nyani. Nimelelewa kwa nyani. Mama akisema leo ni nyani na ugali, hakuna mtoto anayekimbia.

Kwa hivyo kichwa changu kiliona mboga, na vidole vyangu vikaona mnyama. Hao wawili hawakuwahi kukutana.

Na kule Meru hakuna aliyeshtuka. Kajuju, mama, wapishi wake wote, kila mmoja alisoma nyani akaona sufuria ya terere. Hizo "wa" na "ame" walidhani ndivyo watu wa Nairobi huongea siku hizi. Kajuju akachapisha nakala hamsini, kwa karatasi ya kung'aa.

Ijumaa nikapanda Meru. Sitadanganya, nilifuata chakula cha bure. Kumbe Jumamosi asubuhi mhudumu wake mmoja, Kailemia, akaamka na jino limevimba, na Kajuju akanitupia aproni.

Niliponong'onezwa ni timu gani inakuja, nilitaka kujificha stoo. Nikajipa moyo. Nikajiambia mchezaji wa kulipwa hawezi kumjua mtu wa bima kwa sura.

Wakaingia, wamevaa sare za mazoezi, wakakaa. Toni Radi alikaa katikati, kimya, mrefu, hana mambo mengi. Nikagawa menyu huku nimeinamisha kichwa kama padri.

Hapo ndipo uma zilipowekwa chini.

Hezekiah aliponiuliza kuhusu kukamata nyani, mimi bado sikuelewa. Kajuju akasikia kimya kikizidi, akatoka jikoni akitabasamu, akiwa na sahani ya kwanza mkononi. Akauliza kuna nini. Akaonyeshwa ule mstari.

"Hiyo ndiyo chakula yetu maalum," akasema, amejaa fahari. "Mimi mwenyewe nimeitoa kwa shamba ya mama leo asubuhi. Zilikuwa nyingi, nikachagua ile laini laini. Sisi tumekula hiyo tangu tukiwa watoto. Inaongeza damu sana."

Beki mmoja kijana akafunika mdomo na kitambaa.

Hezekiah akavua miwani. "Mama, mimi natoka Ishiara. Nyani wamekula mahindi yangu miaka nenda miaka rudi. Na hata siku moja sijawahi kufikiria kulipiza hivyo."

Ndipo nikaisoma ile menyu. Nikaisoma kama mtu asiye Mmeru, kwa mara ya kwanza maishani.

Nyani mchanga. Amechemshwa. Na maziwa.

Nikaigeuza menyu uso chini mezani.

Na kabla sijafungua mdomo, kipa wao akaniangalia usoni, akaangalia simu yake, akaniangalia tena. Akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye yule wa "hata nyani angefunga". Akasema hii si menyu, hii ni matusi. Wametuita huku kumcheka Toni.

Viti vikasukumwa nyuma. Simu tatu nne zikainuliwa kunirekodi. Hezekiah akasema timu iondoke, halafu akamgeukia Kajuju na kumuuliza swali moja tu, ni nani aliandika hiyo kitu.

Kajuju alikuwa ameshaelewa. Nilimwona akielewa. Akanitazama mara moja. Halafu akasema, "Ni mimi. Hoteli ni yangu."

Nitakuambia ukweli wangu wote. Kwa sekunde kama mbili hivi, nilifurahi.

Nilifurahi kwa sababu kamera zilikuwa zinaona. Mimi ndiye mjuaji wa mtandao. Nikinyamaza, ningerudi kwangu Donholm, Nairobi, na jina langu, na yeye angebaki na aibu yangu. Halafu nikaona vile ameshika hiyo sahani kwa mikono miwili, miezi minane yake yote iko hapo juu ya mukimo, na nikajichukia kabisa.

Nikavua aproni.

"Dada yangu amewadanganya," nikasema. "Ni mimi. Yeye aliandika 'nyani ya kienyeji', akiwa sawa kabisa. Mimi ndiye nilijifanya mwalimu nikaweka 'wa'. Kwetu nyani ni mboga. Ni terere tu hiyo. Na ile ya penalti pia niliiandika mimi, nikiwa nimelala kwa kochi. Nichukieni mimi, lakini kuleni chakula chake."

Hakuna aliyeniamini. Kipa akasema sasa ndio nyani amegeuka mboga. Wengine walikuwa wameshafika mlangoni.

Toni Radi peke yake alikuwa hajainuka.

Akamwonyesha Kajuju ishara amletee ile sahani. Akaivuta karibu. Akachota mukimo na yale majani, akatia mdomoni, akatafuna polepole huku wenzake wanamtazama kama anayekunywa sumu. Akachota tena. Akamaliza yote, akapangusa sahani na kidole, kwenye meza yenye kitambaa cheupe.

Kisha akaniinulia macho.

"Muga," akasema.

Hiyo ni salamu yetu. Haisemwi na mtu wa Mombasa.

"Naitwa Thuranira," akaendelea, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka. "Nimezaliwa Muthara, hapa hapa Meru. Nilipelekwa Pwani nikiwa na miaka kumi na mbili, na hata hawa wenzangu hawajawahi kuniuliza kwetu ni wapi. Nyanya yangu alinilea kwa nyani. Nilijua ni mboga tangu niliposoma."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza.

"Nilitaka kuona kama utamwachia dada yako msalaba."

Nilitazama viatu vyangu.

Akamgeukia Kajuju, akamwomba kwa heshima sahani ya pili, na kama kunayo, ya tatu. Akamwambia Hezekiah kwamba wengine waende wakitaka, yeye atakula hapa wiki mbili. Hezekiah akaonja kijani kidogo kwa ncha ya uma, akakaa chini polepole. Robo saa baadaye beki yule kijana alikuwa jikoni akiuliza kama kuna nyani amebaki.

Kajuju alilia jikoni, akasema ni kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Nami nilikula sahani yangu nikiwa nimesimama kando ya sinki. Ule mukimo ulioviringwa kama mpira wa tenisi. Nilikula madonge matatu. Alipopita, aliniwekea kachumbari kando.

Nikadhani yameisha hapo.

Toni akaniambia kumebaki kitu kimoja kidogo.

Saa kumi jioni nilikuwa uwanjani wanakofanyia mazoezi, nimevaa viatu vya kuazima, mpira uko kwa doti ya penalti. Golini hakukuwa na kipa. Alisimama Hezekiah, miaka hamsini na nane, na miwani yake, mikono mfukoni. Masharti yalikuwa kwamba video iwekwe kwa ukurasa wangu, bila kukatwa.

Nikarudi nyuma hatua sita. Nikavuta pumzi kama wanavyofanya kwa runinga. Nikakimbia.

Mpira sikuugusa vizuri. Ulibingirika pole pole, ukapita mbali na mlingoti, ukasimama kwa nyasi. Kiatu ndicho kiliingia golini.

Hezekiah hakutoa hata mkono mfukoni.

Niliiweka video mwenyewe. Ndani ya saa moja ilikuwa imepita kila kitu nilichowahi kuandika. Siku hizi nafasi kwa Kajuju unaitisha wiki moja mbele, na ile menyu amekataa kuibadilisha. Anasema wateja huja kwanza kuipiga picha, na wakishaonja nyani hawashuki tena Majengo.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi la kwangu lilichapishwa nakala hamsini.

Funzo ni fupi. Ukiona kosa la mwenzako, kwanza zima mechi. Na dada yako akiandika "ya", mwachie "ya" yake.

Mama yangu, Cicily, hajui mpira na hajawahi kuandika chochote mtandaoni. Siku hiyo alifunguliwa akaunti na jirani ili aandike chini ya video yangu, na ngeli zake zilikuwa sawa kabisa:

"Hata nyani za Kajuju zingefunga."