Tulipoandika CHAPO Ukutani

Mama mkwe wangu hupika chapati kwenye chumba cha chini kabisa cha ploti yetu, jengo la orofa la wapangaji hapa Huruma. Aliyeonja mara moja hurudi, lakini wageni walikuwa wakipotea. Ploti za mtaa wetu zimefanana kama mapacha, na mtu akielekezwa kwa ile yenye nguo zimeanikwa, atazunguka mpaka njaa imwishe. Mimi kazi yangu ni kuandika kutani: maduka, saluni, shule za chekechea. Nikamwambia nitamwandikia kitu kitakachoonekana hata ng'ambo ya mto.

Mwenye ploti alituruhusu kutumia ukuta wa upande wa ngazi, wenye kidirisha kimoja kila orofa. Mama alitaka CHAPATI. Nikamwonyesha kwamba juu ya jiko lake kuna orofa tano tu, kwa hivyo ingetosha CHAPO, herufi moja kila orofa. Alinung'unika kwamba hayo ni maneno ya vijana. Mume wangu akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe husema hivyo wateja wakijaa.

Sikutaka kuchora nikining'inia, kwa hivyo tulitengeneza stensili. Tulifungua maboksi ya friji, tukachora herufi zenye urefu wa mtu mzima, tukakata ndani yake ili rangi ipite kwenye uwazi tu. Kwenye A, P na O unapaswa kuacha vipande vyembamba vya kushikilia sehemu ya katikati, la sivyo inaanguka. Ya O ilianguka, maana mume wangu alikata kwa raha kupita kiasi. Tukairudisha kwa tepu.

Jumamosi tulifunika vidirisha kwa magazeti, tukiacha kila kimoja wazi zamu yake ilipofika. Mume wangu alipanda juu ya paa, akateremsha stensili kwa kamba za nguo hadi kando ya kidirisha. Mimi nilipaka kutoka kidirishani, rola nimeifunga kwenye mpini wa ufagio. Tulianzia orofa ya juu kabisa. C ikatoka safi. H pia.

Orofa ya tatu upepo ukaanza. A ikawa inapiga ukuta kama mlango usio na komeo. Kelele zilimtoa mama anayeishi hapo, ambaye wazazi wake walimleta mtaani akiwa mdogo walipokimbia vita Somalia. Miaka yote tulikuwa tunapishana kwenye ngazi kwa salamu tu. Alitazama, akakunja mikono ya dera lake, akapenyeza mkono nje na kulibana lile boksi ukutani.

"Hii ya hapa ni yangu?" akauliza.

Nikamwambia A ni ya orofa yake.

"Basi nipe hiyo rola."

Alipaka taratibu, rangi kidogo kidogo, akigusa badala ya kuburuta, na hakuna tone lililopenya chini ya boksi. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alicheka. Yeye hupaka maharusi hina, na bibi harusi mwenye haraka humwekea plastiki iliyokatwa maua mkononi. Kazi yetu ni moja, akasema, ila kuta zako hazilalamiki kwamba zinatekenywa.

Habari zikashuka ngazi kabla yetu. Orofa ya pili tulimkuta baba mmoja wa reli, mstaafu, amevaa shati kuukuu, anasubiri P yake. Alikuwa ameinua rola tayari mama mkwe alipoita kutoka chini kwamba P imegeuka, tumbo liko upande usio wake. Mume wangu akaivuta juu, akaigeuza, na ngazi nzima ikaangua kicheko. O ilipakwa na kila aliyebaki.

Tulipobandua magazeti, mama mkwe alivuka barabara akasimama huko, mikono yenye unga kiunoni. Kisha akarudi.

"Sasa siwezi kuhama," akasema. "Ukuta huu nitaubebaje?"

Alasiri hiyo hakuuza. Alipika, tukala sote tukiwa tumekaa kwenye ngazi, chapati zikipanda juu kwa sahani kutoka mkono hadi mkono.

Wateja wanatupata sasa. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni vile majirani wanavyoelekeza wageni wao. Juzi nilimsikia yule mama wa hina akimwambia mtu kwenye simu apande moja kwa moja, asiogope ngazi, yeye anakaa kwenye A.