Mwaka Filamu Zilipokuja Mbotela

Juzi rafiki yangu wa utotoni alinitumia ujumbe kwenye simu. "Niaje? Ile filamu ya mtaa wetu inaonyeshwa tena. Kumbe haikupotea." Tamasha la filamu la kimataifa la mwaka huu lilikuwa limetenga alasiri moja kwa filamu fupi za zamani za Nairobi, na ile ya mtaa wetu wa Mbotela ilikuwa mojawapo. Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Wewe hujui kwa nini, basi acha nikusimulie, na univumilie nikilalamika, maana siku hizi nalalamika sana.

Nililelewa na nyanya yangu. Kwao ni magharibi mwa Kenya, na kwa lugha ya huko nilimwita Kukhu. Tuliishi chumba kimoja chenye pazia la maua mlangoni, na kila asubuhi alikaanga mandazi hapo nje. Hata leo nikisikia harufu ya iliki na mafuta ya moto nageuka kumtafuta, mjinga mimi. Alifariki nikiwa sekondari. Picha yake ninayo moja tu, ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu aliyeonjeshwa shubiri. Lakini kilichokuwa kimeanza kunitoka ni sauti yake. Hilo liliniuma kuliko msiba wenyewe: maneno yake nayakumbuka yote, ila siyasikii tena.

Nilikuwa darasa la tatu wenye tamasha walipoamua kwamba mwaka huo filamu zisiishie mjini, zije na mitaani. Zingeonyeshwa katika ukumbi wa mtaa wetu, na kabla ya siku hiyo wangepiga filamu fupi kutuhusu sisi wenyewe, ya kufungia maonyesho. Kijana wa kamera alikuja mapema kutuarifu. Akatuambia kwa upole, "Msijisumbue. Fanyeni tu vile mnafanya kila siku."

Wacha we! Nani akubali dunia nzima imwone vile anavyokuwa kila siku? Siku ya kamera ilipofika, tangu alfajiri mtaa ulifagiliwa mpaka vumbi likakosa pa kukaa. Nguo zilianuliwa kwenye kamba zikiwa bado mbichi. Jirani yetu wa kutoka Pwani alitandika mkeka mpya nje, akatoa na vikombe vyake vya harusi. Mzee wa reli, aliyekuwa amestaafu kitambo, alivaa koti lake la kazi na kufunga vifungo vyote, jua kali vile. Sisi watoto tulipakwa mafuta hadi masikioni. Kijana wa kamera alipotuona alishika kichwa.

"Kwani leo kuna harusi?"

"Harusi ni yako, mwanangu," jirani akamjibu. "Wewe piga picha."

Kukhu peke yake ndiye alikuwa kazini, kwa sababu wateja wa mandazi hawajui mambo ya filamu. Yule kijana alipomwona alifurahi, akaja upande wetu na kamera begani. Kukhu akaruka.

"Ati mimi? Na leso hii ya moshi? Thubutu!"

"Shosho, hivyo hivyo uko sawa kabisa."

"Sawa kwako. Ngoja hapo."

Akachota makaa mekundu kutoka jiko lile lile la mandazi, akayatia kwenye pasi, akanivuta ndani na kushusha pazia. Kanzu yake nyeupe ya kanisa ilipigwa pasi kutoka kola hadi pindo. Kitambaa cha kichwa kikafungwa, kikafunguliwa, kikafungwa upya. Mimi nilishika kioo mpaka mikono ikaniwaka moto. Nje tulisikia sauti zikipungua, lakini Kukhu hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amewaambia wangoje.

Hawakungoja. Tulipotoka, naye amependeza, Mungu wangu, amependeza, uwanja ulikuwa mtupu na mandazi yameungua ubavu mmoja. Aliketi kwenye kigoda chake na kanzu ya kanisa, akawauzia watu mandazi yale hadi yakaisha.

Siku ya maonyesho aliivaa tena kanzu ile, tukakaa viti vya mbele. Tuliona filamu za nchi ambazo hatungeweza kuzitaja, watu wakishangilia hata wasipoelewa. Mwishowe ikaja ya kwetu. Lango la mtaa likatokea ukutani, ukumbi mzima ukapiga mayowe, na papo hapo stima ikapotea. Tulingoja gizani hadi watoto wakalala mapajani. Haikurudi. Wenye tamasha wakafunga vyombo vyao wakaenda, na mwaka uliofuata hawakuja.

Kukhu akajitungia lake. "Mimi nimo," alikuwa akiwaambia wateja. "Ni stima tu ilininyima." Mtaa mzima ulijua kamera iliondoka kabla hajatoka, na hakuna aliyembishia. Nami nilianza kuamini. Labda walimchukua kidogo akiwa jikoni. Labda mgongo tu.

Basi Jumamosi nilienda mjini kuangalia. Nilipitia Mbotela kwanza, na heri nisingepita. Wanasema nyumba zitabomolewa. Mlango wetu una geti la chuma, na mtu asiyenijua aliniuliza namtafuta nani. Mzee wa reli alizikwa zamani. Jirani alihamia Njiru kwa mwanawe, akafia huko.

Ukumbini tulikuwa wachache. Lango likatokea, na safari hii stima haikupotea. Nikamwona mzee wa reli na vifungo vyake, nikacheka. Nikamwona jirani akimimina chai kwenye vikombe vya harusi, kicheko kikakatika. Kisha ukaja mlango wetu.

Kukhu hayumo. Kuna kigoda kitupu, karai juu ya jiko, mandazi yanaelea na hakuna wa kuyageuza. Nyuma yake pazia la maua limeshushwa. Kamera imetulia hapo, inangoja. Walimngoja, kumbe! Hata kama ni kidogo, walimngoja.

Halafu, kutoka nyuma ya pazia, nikaisikia. Nzito kidogo, yenye mkwaruzo wa moshi.

"Inua kioo, mama. Inua."

Na sauti ya mtoto, yangu: "Mikono imechoka, Kukhu."

"Vumilia. Tunatoka sasa hivi."

Picha ikahamia Jogoo Road. Filamu ikaisha, zikafuata nyingine ambazo siwezi kukuambia zilihusu nini. Taa zilipowashwa mfagiaji alinigusa bega akaniuliza kama kuna mtu namngoja. Nikamwambia ndiyo.