Makoti ya Mlimani

Wiki iliyopita Nekesa alishusha sanduku kutoka juu ya kabati, na alipolifungua, harufu ya dawa ya nondo ikajaa chumba kizima. Nilijua ni yale makoti kabla sijayaona. Yako manne, mawili makubwa na mawili madogo, na lile langu la kahawia bado lina kikaratasi cha dukani kimebanwa kwenye mkono. Halijavaliwa hata siku moja. Nikakaa kitandani, nikaomba maji.

Niwatajie kwanza waliokuwapo, maana majina sisahau hata kama miaka inanichanganya. Nilikuwapo mimi, Rosa Nasimiyu, mzaliwa wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Alikuwapo binti yangu Nafula, muuguzi, aliyenileta Irving, huku Amerika, nimlelee watoto. Watoto wenyewe ni Nekesa, wakati huo ana miaka minane, na Barasa, wa minne. Jengo la mkabala alikaa Mama Wambui wa Nyeri, aliyekuwa akitunza wazee majumbani mwao. Na mwingine ni yule ambaye hakuwapo, Baba Nekesa, mume wa binti yangu, aliyekuwa Houston kwenye mitambo ya mafuta. Jina lake ni Wanjala. Kwetu mama mkwe hamwiti mkwewe kwa jina, kwa hiyo naliandika mara hii moja tu ili mmjue.

Irving ni tambarare kama sinia. Shuleni walimwambia Nekesa achore mahali kwao walikotoka, naye akapiga mstari mmoja kwa rula na kuweka ndege juu yake, zile zilizokuwa zikipita juu ya paa letu mpaka vikombe vinatetemeka. Baba yake alipouona huo mchoro alicheka. Akamwambia, mtoto wa Elgon hawezi kukua bila kuona mlima, na wewe utauona mwaka huu huu.

Lakini mwaka ule ndio alioanza kupungua. Mwanzo alikuja kila baada ya wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi, na kufikia mwezi wa tisa ikawa simu tu. Nafula aliingia nayo bafuni akafungulia bomba ili tusisikie maneno. Tulilisikia bomba.

Mwezi wa kumi akapiga simu na mpango. Alikuwa amepata siku nne za mapumziko mwezi unaofuata. Angekuja kutuchukua, twende milima ya New Mexico, mwendo wa siku nzima kwa gari, wakati ule ambapo waliokuja kutazama majani yakigeuka rangi wameshaondoka na watu wa theluji hawajafika. Nafula alikuja kukaa karibu yangu nikichambua maharagwe. Alichukua konzi ya maharagwe, hakuchambua hata moja.

"Mama," akasema, "tukirudi kutoka huko tutajua kama sisi ni nyumba moja au mbili."

Nilimsukumia sinia karibu.

Basi nyumba ikachangamka. Ramani ilitandazwa mezani wiki tatu, tukala tumepakata sahani. Makoti tulinunua kwenye duka la mitumba, na Nafula akayaweka sandukuni na vidonge vya nondo kwa sababu nje bado kulikuwa na joto la kutoa jasho. Barasa aliuliza kila asubuhi kama mlima una mlango. Mimi nilipima unga wa ugali, kwa kuwa huko mlimani nani angetupikia? Nekesa ndiye alikuwa mkuu wa safari. Alikuwa amepewa picha ya kijumba cha mbao tutakachopanga, na akaketi kuchora ndani yake, kitanda kwa kitanda, na jina la kila mtu. Alinionyesha kwa kidole, akiniita Kukhu, yaani bibi, kama kwetu. Hapa Mama na Baba. Hapa mimi na Barasa. Na hapa, hatua mbili kutoka kwa Baba, wewe, Kukhu, ili usione baridi.

Chumba kilikuwa kimoja. Choo kilifungwa kwa mlango mfupi usiofika juu wala chini.

Hapo ndipo chai iliponipoa mkononi, na sina budi kuwarudisha nyuma kidogo, Kimilili, nikiwa mdogo kuliko Nekesa. Nilikuwa natembea na bibi yangu, Kukhu Namalwa, tukitoka kusaga, naye ana kikapu cha unga kichwani. Mbele akatokea Khisa, mume wa shangazi yangu Nanjala. Bibi alijitupa ndani ya mahindi, kikapu na yote, unga ukamwagika mpaka nywele zikawa nyeupe kuliko zilivyokuwa. Khisa naye akageuza uso, akapita upande wa pili akikohoa polepole. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipigwa kofi ambalo shavu hili bado linalikumbuka. Ndipo nikafundishwa kwamba mama na mkwewe hawapeani mkono, hawali chungu kimoja, na kulala chumba kimoja ni jambo ambalo hata kulisema ni aibu.

Kwa hiyo Irving, kila Baba Nekesa alipokuja, mimi nilikunja shuka langu nikaenda kulala kwa Mama Wambui. Nafula nilimwambia nawaachia nafasi, nyumba ni ndogo. Yeye alidhani mambo yale ya zamani niliyaacha uwanja wa ndege. Mama Wambui ndiye aliyenijua, akanitania kila mara: "Nyinyi Waluhya, hata Amerika mnakimbia wakwe? Huku hakuna kichaka, utaanguka kwenye maegesho."

Nikasema siendi. Nikasingizia magoti na baridi. Nafula akanitazama, akasema, "Mama, wewe umezaliwa mlimani." Nikasema basi niachwe kwa Mama Wambui, kumbe siku hizo Mama Wambui alikuwa na mgonjwa wa kukaa naye mji mwingine, Mansfield. Peke yangu hawakuweza kuniacha. Kiangazi kile nilikuwa nimechoma mahindi kwenye jiko la ndani, king'ora kikalia, wazima moto wakapanda ngazi na mashoka, nami sina neno la Kiingereza la kuwaambia ila karibuni. Nafula akapiga simu huko mlimani kuomba nyumba yenye vyumba. Akaambiwa kubwa zote zimefungwa, maji yametolewa kwenye mabomba yasije yakaganda na kupasuka. Vilivyobaki wazi ni vijumba vile vya chumba kimoja.

Jioni moja simu ikalia, nami nikaipokea nikijua nitampa Nafula. Ndivyo tulivyozoea, Baba Nekesa na mimi; salamu zetu zilipita kwa watoto. Siku hiyo hakuomba mtu mwingine.

"Mama," alisema, "kama ni mimi hutaki kuniona, niambie. Nitaelewa."

Alikulia Nairobi, katika nyumba ya chumba kimoja, watu tisa na pazia. Nani angemfundisha mambo ya mahindi? Kwetu ningemtuma mtu, dada ya mume wangu au mzee yeyote, akamwambie vizuri kwa niaba yangu. Hapa mdomo uliokuwapo ni wangu, na kwangu ndiko neno lilikokuwa mwiko.

"Magoti yananisumbua, Baba Nekesa," nikasema.

"Nimesikia, Mama."

Hakuja. Hakugomba na mtu. Alisema tu kazini wamemrudisha zamu. Ijumaa ile ya safari Nekesa alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akakaa kwenye ngazi akitazama magari yanayoingia. Jua lilikuwa kali, jasho linamtiririka shingoni. Nilimpelekea maji. Mtoto yule alikuwa akinijibu kwa Kiingereza maisha yake yote hata nikimwita kula, lakini siku hiyo alichagua Kiswahili, kila neno mahali pake, ili nisikose kuelewa.

"Ni wewe uliyekataa, Kukhu."

Kufikia Pasaka zilikuwa nyumba mbili.

Sasa ninaishi na Nekesa hapa Mansfield. Mume wake namtania kama ada inavyoruhusu kwa mjukuu, namwita mume wangu, ananiita bibi harusi, tunalala vyumba vinavyopakana bila wasiwasi. Nilipoyaona makoti wiki iliyopita nilimwambia Nekesa kila kitu, mahindi, unga, kofi, na kile kijumba. Alicheka nilipofika kwa Kukhu Namalwa, kama nilivyocheka mimi. Kisha akafuta macho kwa mkono wa koti lile dogo.

"Si tungeweka pazia, Kukhu," akasema.

Nimelifikiria hilo pazia tangu siku hiyo. Nilipokuwa mtoto nilidhani bibi alijificha ili asionekane. Lakini Khisa alimwona. Aliyaona mahindi yakitikisika, akaona na unga njiani, akaenda zake akijua ameheshimiwa kuliko wakwe wote wa Kimilili. Baba Nekesa yeye hakuona hata jani moja likitikisika. Alikuja akakuta kitanda changu kitupu, kila mara, na hakuna aliyemwambia ni kwa ajili ya heshima yake.

Huenda hata bila mimi nyumba ingevunjika. Nafula husema hivyo, nami namwacha aseme.

Niliyoyaandika ni jinsi ninavyoyakumbuka. Kama nimekosea mwezi, au aliyepiga simu kwanza, Nafula yupo, Nekesa yupo, Mama Wambui naye yuko hai huko Nyeri. Baba Nekesa bado yuko Houston, na kusoma anajua. Akiona mahali nimekosea, na anisahihishe yeye mwenyewe. Akipiga simu, nitaipokea, na safari hii sitasema magoti.