Mnaniheshimu, Hamnifundishi

Jesca alichukuliwa mkononi mwa Mauwa mchana kweupe, saa tisa na nusu, hatua chache kutoka geti la kwao kule Buza. Mauwa, ambaye watoto wote wa gari la shule humwita Anti, alikuwa amemshusha na kumshika kiganja kama anavyowashika wote. Baba wa mtoto, aliyekwisha kuachana na mama yake na kukatazwa kumchukua bila ruhusa, akatokea nyuma ya kibanda cha chipsi. Alikishika kidole gumba cha Mauwa, akakikunja kwa nyuma, na mkono ukafunguka wenyewe. Mtoto akapandishwa bajaji, wakayeyuka.

Siku ya tatu afisa ustawi wa jamii alimrudisha Jesca, mzima, hana hata mchubuko. Lakini mtaa ulikwisha kupata cha kusema. Baba aliyemnyakua mtoto hakusemwa sana. Ana uchungu na damu yake, walisema. Aliyesemwa ni Mauwa. Dukani, yule anti aliachia. Bombani, aliachia. Kwenye hitima ya jirani yake, watu wakiwa na tonge mkononi, aliachia.

Mwenye gari, Revelian, alimwita pembeni. Ni mtu mpole, asiyepandisha sauti hata gari likiharibika.

"Mama Farida, mpaka shule zifungwe Desemba tutakwenda hivi hivi. Januari natafuta mwanaume. Si kwa ubaya."

"Umewahi kukunjwa kidole gumba, Revelian?"

"Sijawahi."

"Basi usiniambie si kwa ubaya."

Miaka tisa Mauwa alikuwa kwenye gari lile. Hajawahi kusahau mtoto kitini, hajawahi kushusha mtoto mtaa usio wake. Anajua nani hutapika akikaa nyuma, nani anasingizia usingizi ili abebwe. Sasa kila aliposhika kiganja cha mtoto aliusikia ule ukunjaji upya, na macho yake yakawa hayatulii, yanamkagua kila mwanaume aliyesimama karibu na kibanda. Kazi aliitaka. Lakini zaidi ya kazi, alitaka kujua kwamba siku nyingine mkono wake hautafunguka.

"Naenda kujifunza kujihami," alimwambia binti yake wa kwanza, Farida, aliyekuwa anashona barazani.

Farida alisimamisha cherehani. "Karate, mama? Na hilo dera?"

"Dera litavuliwa."

Mauwa aliishia darasa la saba, lakini kuchagua anajua. Samaki hanunuliwi kwa kumsikiliza muuzaji. Unamfunua matamvua ukatazama mwenyewe. Kwa hiyo alijiwekea sharti: kila shule ataanza kwa kuchungulia dirishani.

Ya kwanza ilikuwa Kinondoni, ukumbi wa ghorofani. Alichungulia, akamwona mwalimu akimchapa fimbo ya muundi kijana mmoja mzito wa kujifunza, na wenzake wanacheka. Mwalimu alipomwona alimletea kiti.

"Karibu mama. Mtoto wako ana miaka mingapi?"

"Arobaini na sita."

Mwalimu akatazama nyuma yake kumtafuta huyo mtoto.

"Ndiye mie," Mauwa akasema.

Yule bwana alicheka mpaka akafuta macho. "Mama yangu, hapa tunafundisha mapigano."

"Nimeona. Umempiga asiyejua ili wanaojua wacheke." Akashuka ngazi bila kukikalia kile kiti.

Ya pili ilikuwa Mikocheni, katikati ya maghala, ukuta mzima vioo. Binti wa mapokezi alimuuliza uzito wake kabla ya jina.

"Ndani ya miezi mitatu hilo tumbo litaondoka, mama."

"Tumbo langu lina kosa gani? Limezaa watatu. Mie nataka kujua mtu akinikunja kidole gumba nifanyeje."

Binti alipekua karatasi zake juu mpaka chini. "Hiyo hatuna, mama. Tuna ya kupunguza mapaja."

Ya tatu ndiyo iliyomuumiza, kwa sababu aliipenda.

Ilikuwa Tandika, karibu na kwake, kwenye uwanja wenye paa la bati nyuma ya madrasa. Mwalimu wake aliitwa Mbwana, kijana wa pwani mwenye adabu zake. Dirishani Mauwa hakuona fimbo wala kicheko. Alipoingia, vijana wote walisimama mstari, shikamoo moja baada ya nyingine. Walimwekea kona yake, wakamwambia aje na ushungi wake asiwe na wasiwasi. Na zoezi alilolitaka wakampa: kijana anamshika mkono, yeye anauzungusha, anachomoka. Alichomoka siku ya kwanza. Alichomoka kwa kila kijana waliyemletea. Walimpigia makofi. Wiki ya tatu Mbwana alimfunga mkanda wa njano mbele ya watu, na Mauwa akarudi nyumbani akitembea katikati ya njia.

"Nishike," alimwambia Farida.

"Mama, nina nguo ya mtu hapa."

"Nishike mkono, nikuoneshe."

Farida alimshika. Mkono wa fundi cherehani si mkono wa mbeba zege. Mauwa alizungusha kama alivyofundishwa, mkono haukuchomoka. Akazungusha tena. Akavuta, akakanyaga, akasukuma kwa bega mpaka pini zikamwagika chini. Mkono ulikuwa palepale.

Farida alimwachia taratibu, na sura yake ikabadilika. "Mama, hao walikuwa wanakushika kweli?"

Mauwa aliinama. Aliokota pini moja moja. Alikumbuka vidole vya wale vijana, jinsi vilivyomgusa kama wameshika yai, na jinsi kila mmoja alivyokuwa wa kwanza kutabasamu.

Kesho yake alifika mapema, akawangoja. Walipomaliza kumwamkia aliuliza, "Kati yenu, nani alinishika kweli hata siku moja?"

Wakatazamana. Mmoja, fundi pikipiki mwenye mabega mapana, ndiye aliyejibu. "Mama, mie mama yangu analingana na wewe. Nikikuvunja mkono, radhi nitaipata wapi?"

"Radhi nakupa mie hapa, mbele ya wenzako."

"Hiyo radhi ya mdomoni, mama. Mkono ukivunjika moyo utasema lingine."

Mbwana akaingilia kwa sauti ya kubembeleza. "Mama Farida, tulitaka ufurahi. Mazoezi ni afya."

"Kufurahi ningekwenda kucheza ngoma ya mdundiko, nisingekuja huku kutoa jasho." Mauwa akautoa ule mkanda wa njano. "Mmenivisha mkanda wa uongo. Na mie nao nikarudi kwenye gari, nikashika watoto wa watu nikidhani naweza. Angetokea mtu wiki hii ningejaribu huu mchezo wenu, na mtoto angekwenda. Nyie mngekuwa mmekaa hapa na adabu zenu. Mnaniheshimu, hamnifundishi. Afadhali yule aliyenicheka, maana sikumwamini."

Aliukunja mkanda mara nne, akampa Mbwana kwa mikono miwili, maana yeye pia alilelewa.

Shule ya nne ilikuwa Gongo la Mboto, nyuma ya kiwanda cha seremala. Mwalimu alikuwa mwanamke, Demetria, koplo mstaafu, anayefundisha judo juu ya magodoro yaliyofunikwa turubai. Mauwa alichungulia karibu saa nzima. Aliona bwana mmoja mnene akianguka vibaya. Hakuna aliyecheka. Demetria alimwinua akamwangusha tena, na tena, mara ya nane bwana akaanguka vizuri, na hata hapo hakupigiwa makofi.

Kisha Demetria, bila kugeuka, akasema, "Wewe Mzaramo uliyesimama dirishani kama unasubiri pilau, ingia au ondoka. Unanizibia upepo."

Damu ilimpanda Mauwa. "Nani kakwambia mie Mzaramo?"

"Nani mwingine anakuja mazoezini na dera la shughuli?"

"Na wewe nani wa kunitukana, hata hunijui?"

"Mnyamwezi. Wa Urambo."

Hasira ya Mauwa ikakosa pa kukaa. Mnyamwezi ni mtani wake, na mtani hanuniwi. Watani hutukanana hata msibani mbele ya jeneza, na anayenuna ndiye mwenye kosa.

"Kumbe mpagazi," akasema, akavua viatu.

"Mpagazi, naam. Babu zangu walibeba mizigo mpaka pwani wakawakuta nyie mnacheza ngoma. Mpaka leo hamjakaa chini."

Mauwa alimweleza yote, kuanzia kibanda cha chipsi mpaka mkanda wa njano. Demetria hakumpa pole. Alisema, "Lete mkono," akaushika, na Mauwa akahisi mifupa ikikutana.

"Chomoka."

Hakuchomoka. Alizungusha, akavuta, machozi yakamtoka.

"Mtani, unaniumiza."

"Kashitaki kwa wajomba zako waliouza viwanja vyote vya mji huu. Chomoka."

Alikikamata kidole gumba akakikunja, na Mauwa akapiga magoti kwenye turubai. Jioni ile hakuchomoka hata mara moja. Alirudi kwake Yombo mkono umevimba, na Farida alipouona akasimama wima.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mwalimu," Mauwa akasema. "Nimempata."

Wiki mbili za kwanza alifundishwa kuanguka tu. Demetria alimtoa pini zote za ushungi akamfundisha kuufunga kwa fundo, kwa sababu pini itamtoboa yeye kabla haijamtoboa adui. Kila alipoanguka vibaya alitukanwa yeye, na ukoo wake, na nazi zao. Naye alijibu, akataja michembe na matobolwa, viazi vyao vya kukausha, mpaka bwana mnene akashika mbavu. Mikono ilimuuma. Lakini hakuna siku aliyodanganywa.

Wiki ya tatu Demetria alimkalisha chini.

"Sikiliza. Kidole gumba hakijawahi kushinda mkono wa mwanaume, chako wala changu. Kosa lako si kuachia. Kosa ni kwamba ulimshika mtoto kiganja. Ukiona hatari, mvute kifuani, fumbata mikono yako nyuma yake, mpe mtu mgongo, kisha kaa chini. Kaa kabisa. Anayemtaka mtoto akubebe na wewe, na wewe si mwepesi."

Mauwa alijaribu kufumbata mikono kifuani. Miaka tisa. Mwenye gari, walimu, wazazi, watu wa bombani, wote walijua kusema aliachia, na hakuna mmoja aliyewahi kumwambia ashikeje.

"Na kwa nini mtoto alikuwa anatembea?" Demetria akauliza. "Gari halifiki getini?"

"Revelian hataki dereva aingie vichochoroni. Anasema kugeuza kunachelewesha."

"Basi na yeye alimwachia, kabla yako."

Hilo Mauwa alitembea nalo mwezi mzima.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa Januari alikwenda uani kwa Revelian, gari lilipokuwa linaoshwa. Mwanaume mpya alikwisha fika, Venance, mrefu, mikono kama makasia. Alimwamkia Mauwa kwa kuinama. Mauwa hakupoteza muda. Alichukua begi la shule lililojaa madaftari.

"Huyu ni mtoto. Mshike, kijana wangu. Revelian, wewe tazama."

Venance akalishika kwa mkono mmoja, huku anatabasamu. Mauwa akakamata kidole chake gumba, akakunja. Begi likawa lake.

"Mama, sikukaza," Venance akasema, anapuliza kidole. "Wewe mtu mzima, nitakukazia vipi?"

"Basi mtoto kaenda. Sasa zamu yangu, na ukinionea aibu utaondoka hapa leo."

Alilikumbatia begi, akawapa mgongo, akaketi kwenye maji ya sabuni. Venance alivuta kwa woga, kisha kwa nguvu, kisha kwa hasira, akamburuza mpaka kwenye tairi. Revelian mwenyewe akaja kusaidia. Mikono ya Mauwa haikufunguka. Majirani walitoka kwenye milango, wale wale waliosema aliachia.

"Basi, Mama Farida." Revelian alikuwa anahema. "Basi. Kazi ni yako. Inuka, watu wanaangalia."

"Waache waangalie. Na gari lifike getini."

"Hayo tutayaongea ukishainuka."

"Yaongee nikiwa hapa. Ulishusha watoto njiani ili gari lisichelewe, mtoto alipochukuliwa ukasema unatafuta mwanaume. Huyo mwanaume ungemweka wapi? Si pale pale kwenye kibanda?"

Revelian alitazama majirani, akatazama gari lake, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Litafika getini," akasema.

"Kila geti?"

"Kila geti, mama. Sasa inuka."

Mauwa hakuinuka mpaka dereva alipoitwa akaja kusikia kwa masikio yake.